Kiwavi Mkunja-Majani na Nyigu wa Java

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa za kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari za mizani yetu ya kwanza, habari za ghala tulilolijenga kwa mikono yetu, na majina ya wazee waliotoa hisa zao wakati ambapo wengine walikuwa wakitucheka. Habari hizo zimeandikwa na watu wanaozijua kuliko mimi. Halmashauri iliponitaka mimi, Katibu wenu, niandike jambo la historia, nilifikiri siku nyingi, kisha nikaamua kuandika historia ya mdudu.

Najua baadhi yenu mtatabasamu. Mdudu ana historia gani? Lakini katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu wa kumi tutaulizwa swali kubwa, nalo ni hili: je, kila mwanachama akatwe fedha katika kila kilo ya majani mabichi, ili Chama kinunue dawa na kupulizia mashamba yote kila mwezi, mwenye wadudu na asiye nao? Kabla ya kuinua mkono, yafaa mkulima ajue yaliyowapata wakulima wengine wa chai waliotutangulia. Kwa hiyo nawaomba tufuatane hadi kisiwa cha Ceylon, ambacho tangu mwaka 1972 kinaitwa Sri Lanka, halafu turudi nyumbani katika milima yetu ya Usambara.

MDUDU MWENYEWE

Mdudu ninayemsimulia ni nondo mdogo mwenye rangi ya udongo. Ukimwona ametua juu ya jani kavu huwezi kumtambua. Yeye mwenyewe hali chai. Anayekula ni mtoto wake, kiwavi wa kijani kibichi mwenye kichwa cheusi. Nondo jike hutaga mayai yake juu ya jani, mengi pamoja, yakiwa yamelaliana kama magamba ya samaki. Na fungu moja laweza kuwa na mayai mia au zaidi. Yakianguliwa, viwavi wadogo hutoa nyuzi nyembamba za hariri, nao huning'inia humo na kuchukuliwa na upepo hata mche wa pili, na shamba la pili.

Akifika penye majani machanga, kiwavi hulikunja jani kwa nyuzi zake, au hulishona jani moja na jingine, kama fundi ashonavyo mfuko. Ndani ya mfuko huo hukaa na kula. Jani likiisha hutoka na kujifanyia nyumba nyingine kubwa zaidi. Humo humo ndimo anamogeuka kuwa nondo. Sasa fikirini hasara yake. Mkulima wa mahindi hutazamia punje, na mkulima wa kahawa hutazamia tunda, lakini sisi wa chai twauza jani lenyewe, tena lile jani changa, yale majani mawili na chipukizi. Kiwavi huyu hali makombo yetu. Anakula kile kile tunachokipeleka mizanini.

Wataalamu wamemwita Homona coffearia. Yumo katika ukoo mkubwa wa nondo wenye aina zaidi ya 10,000 duniani, na wengi wa ukoo huo wana desturi hiyo ya kukunja majani. Wengine huingia ndani ya matunda. Mmoja wa ndugu zake ni mzaliwa wa Afrika hii yetu, naye hutoboa machungwa, pilipili hoho na vitumba vya pamba. Na kwa ajili yake nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka masharti makali tangu mwaka 2018 kwa pilipili hoho na machungwa yanayotoka kwetu Afrika. Basi ukoo huu si wa kudharauliwa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

KISIWA KILICHOPOTEZA KAHAWA

Jina lile la coffearia lina kisa chake. Maana yake ni mdudu wa kahawa, wala si wa chai. Mwaka 1861 Mjerumani mmoja aliyeishi Ceylon, jina lake Nietner, aliandika kitabu juu ya maadui wa mkahawa katika kisiwa hicho, na nondo huyu alikuwa mmojawapo. Wakati huo Ceylon ilikuwa nchi ya kahawa. Misitu ya milimani ilikuwa imefyekwa, na miche ya kahawa ilifuatana kilima hadi kilima. Katika orodha ya maadui, nondo yetu hakuwa wa mbele.

Adui wa mbele alikuja mwaka 1869. Hakuwa mdudu bali ugonjwa, ile kutu ya majani ya kahawa ambayo wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki nao wanaijua sana. Majani yalipata madoa ya rangi ya machungwa, yakapukutika, na miche ikabaki fito. Watu walidhani ugonjwa ungepita kama mvua mbaya inavyopita. Haukupita. Katika muda wa miaka ishirini hivi kahawa ya Ceylon ilikuwa imekwisha, na wenye mashamba wengi walikuwa wamefilisika.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja, Mskoti aitwaye James Taylor, ambaye mwaka 1867, yaani miaka miwili kabla ya ile kutu kuonekana, alikuwa amepanda ekari 19 za chai katika shamba la Loolecondera. Kahawa ilipokufa, watu walitazama ekari zile wakaona njia. Milima ya kahawa ikang'olewa, ikapandwa chai. Wafanyakazi wa Kitamil waliokuwa wameletwa kutoka kusini ya Uhindi kuvuna kahawa wakafundishwa kuchuma chai. Na nondo wetu, aliyezoea kukaa katika mkahawa, naye alibadili chakula. Akaonja chai, akaiona tamu.

Hapa pana fundisho la kwanza, na nawaomba mlikumbuke. Mkulima alitengeneza karamu mwenyewe. Alipopanda aina moja ya mche katika maelfu ya ekari bila nafasi, alimpa kiwavi chakula ambacho hangekipata kamwe katika msitu. Mdudu aliyekuwa mdogo akawa mkubwa, si kwa nguvu zake, bali kwa wingi wa chakula tulichomwandalia.

MIKONO NA MAYAI

Katika miaka mingi iliyofuata, silaha ya Ceylon dhidi ya kiwavi huyu ilikuwa mikono ya watu. Wafanyakazi walipita mstari kwa mstari wakitafuta yale mafungu ya mayai juu ya majani, wakiyachuma na kuyaharibu. Ni kazi ya macho na subira. Fungu la mayai ni dogo kuliko ukucha, nalo lina rangi inayokaribiana na rangi ya jani. Asiyezoea huweza kupita mistari kumi asione hata moja.

Kazi hiyo ilisaidia, lakini haikumaliza shida. Mwenye shamba moja akiokota kwa bidii na jirani yake akilala, upepo ulileta viwavi wa jirani wakining'inia katika nyuzi zao. Mpaka wa shamba ni alama ya binadamu. Mdudu hakuhudhuria siku ulipopimwa. Sisi wanaushirika twalielewa neno hili kuliko watu wote, maana ndilo lililotukutanisha. Mtu peke yake hapati bei, wala peke yake hamshindi mdudu.

Mwaka 1925 wenye mashamba ya chai wa Ceylon walipata chuo chao cha utafiti wa chai, ambacho baadaye kilikaa St. Coombs, karibu na mji wa Talawakelle, katika nyanda za juu za kisiwa. Wataalamu wa huko walijiuliza swali lililo rahisi kulisema. Nondo huyu yupo pia katika kisiwa cha Java, na Java nako kuna chai nyingi. Kwa nini kule hasumbui kama huku?

NYIGU KUTOKA JAVA

Jibu lilikuwa nyigu. Msimfikirie yule nyigu mkubwa wa darini anayeuma watu. Huyu ni mwembamba, mdogo kama mbu, hana madhara kwa binadamu wala kwa mche. Wataalamu humwita Macrocentrus homonae. Kazi yake yote ya maisha ni kumtafuta kiwavi mkunja-majani. Jike akimpata kiwavi angali mchanga, humdunga na kutia yai ndani ya mwili wake.

Kisha hutokea jambo la ajabu. Yai lile moja hugawanyika ndani ya kiwavi, likawa mengi, na kila sehemu ikawa mtoto kamili wa nyigu. Mtaalamu Gadd wa chuo kile cha chai aliichunguza tabia hiyo na kuiandika mwaka 1946. Kiwavi huendelea kula na kukua, asijue kwamba anawalisha wageni. Akishakomaa, mabuu ya nyigu humtoka kwa pamoja, hujifumia vifukofuko vya hariri vilivyobanana ndani ya ile nyumba ya majani, na kiwavi hufa. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Na kwa kiwavi huyu neno hilo ni kweli tupu.

Katika miaka ya 1935 na 1936 nyigu hawa waliletwa Ceylon kutoka Java, wakazalishwa, wakaachiwa mashambani. Walikubali nchi. Walienea mlima hata mlima bila kulipiwa nauli, bila kuuliza shamba ni la nani. Baada ya miaka michache, mdudu aliyekuwa akitumiwa jeshi zima la waokotaji alishuka akawa mdudu wa kawaida tu. Hakwisha, na hilo ni la kuangaliwa sana. Viwavi wachache walibaki, na nyigu wachache walibaki pamoja nao, kila mmoja akimzuia mwenzake asizidi. Hata leo kazi ile ya nyigu wa Java huhesabiwa miongoni mwa mifano mizuri kabisa duniani ya kumshinda mdudu kwa mdudu.

Haikuwapasa wakulima kununua nyigu kila mwaka. Gharama ililipwa mara moja, na faida ikaja mwaka baada ya mwaka. Mhasibu wetu ataniambia ni hisa chache sana za namna hiyo alizopata kuziona.

DAWA ILIYOMWUA RAFIKI

Kama historia ingeishia hapo nisingewachosha nayo. Haikuishia hapo.

Chai ya Ceylon ilikuwa na adui mwingine, kijidudu kigumu cheusi, kidogo kama punje ya ulezi, kitoboacho matawi ya chai. Hutoboa tundu, huchimba njia ndani ya mti, na humo hupanda ukungu wake ambao ndio chakula chake na cha watoto wake. Tawi lililotobolewa hudhoofika na kuvunjika. Adui huyu alikuwa wa kweli na hasara yake ilikuwa kubwa, hasa katika nyanda za kati. Nalisema hili makusudi, ili msije mkadhani kwamba wenzetu wale walikuwa wajinga au wapenda sumu. Walikuwa wakulima wenye shida, kama sisi.

Katika miaka ya 1940 dunia ilikuwa imepata dawa mpya za kuua wadudu, na moja wapo ni dieldrin. Ilikuwa kali, tena ilidumu. Ukiipulizia leo, hukaa katika gome na majani kwa muda mrefu ikiendelea kuua. Katika miaka ya 1950 ilitumiwa katika chai ya Ceylon dhidi ya yule mtoboa-matawi, nayo ilifanya kazi iliyotumwa kufanya. Watoboaji walipungua. Watu wakafurahi.

Kisha majani yakaanza kukunjika. Katika mashamba yaliyopuliziwa, kiwavi mkunja-majani, ambaye watu wazima walikuwa wakimsahau na vijana hawajapata kumwona, alirudi kwa wingi. Wachunguzi walipotazama waliona sababu. Kiwavi hukaa ndani ya nyumba yake ya majani, na kuta za nyumba ile humkinga. Nyigu hana nyumba. Yeye hutembea juu ya majani akitafuta, na kila hatua alikanyaga sumu. Mwizi alikuwa ndani amefunga mlango, na mlinzi alikuwa nje kwenye mvua ya dawa. Aliyekufa ni mlinzi.

Basi wakulima wale walijikuta wamelipa mara mbili: mara ya kwanza kununua dawa, na mara ya pili kwa mazao yaliyoliwa na mdudu ambaye dawa ile ile ilimfungulia mlango. Ilibidi waiache njia ile, na nyigu walipopata nafasi walirudi kazini. Miaka mingi baadaye dunia nzima iliikataa dieldrin kwa sababu nyingine pia, maana hudumu katika udongo na hujikusanya katika miili ya wanyama na watu. Imo katika orodha ya kwanza ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004.

JIRANI ZETU, NA WAJAPANI

Msiseme kwamba hayo ni ya ng'ambo. Kenya hapa, mwaka 1923, kulionekana katika kahawa mdudu mdogo mweupe kama aliyenyunyiziwa unga, akinyonya miche mpaka ikadhoofika. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni wa aina iliyotoka Asia, wakatafuta nyigu wake huko Asia, wasifanikiwe. Mwishowe ilitambulika kwamba ni mdudu mwingine kabisa, na kwamba kwao ni Uganda, mlango wa pili tu. Mwaka 1938 nyigu walitolewa Uganda wakaletwa Kenya, na tatizo likatulia. Lakini baadaye mashamba ya kahawa yalipopuliziwa dawa kali zidumuzo, katika miaka ya 1950 na 1960, wadudu wengine waliokuwa wachache walizuka kwa wingi, miongoni mwao viwavi wakubwa wanaotembea kwa kujipinda kama wanaopima shamba kwa shubiri. Kisa kilikuwa kile kile cha Ceylon.

Na nisije nikasemwa kwamba nachukia dawa na kupenda kila kitu kisicho dawa, niwape kisa cha Japani. Kule wakulima wa chai wana wakunja-majani wao, wa ukoo ule ule. Wajapani walijua kwamba nondo jike humwita dume kwa harufu. Wakaitengeneza harufu ile viwandani, na tangu mwaka 1983 wakaitundika mashambani, ili dume ataabike kumtafuta jike katika harufu iliyojaa kila mahali, wasikutane, mayai yasipatikane. Hakuna sumu, hakuna nyigu anayekufa. Ilikuwa busara kubwa. Hata hivyo, katika mkoa wa Shizuoka, walikoitumia mwaka hata mwaka, kufikia katikati ya miaka ya 1990 nguvu yake ilipungua sana. Nondo walikuwa wamejifunza kupambanua. Ilibidi harufu ichanganywe upya, iwe na sehemu zaidi za harufu halisi ya jike, ndipo nguvu ikarudi. Maana yake ni kwamba silaha moja, ikitumiwa peke yake pasipo kupumzika, huzeeka, hata ikiwa nzuri namna gani.

MAMBO YA NYUMBANI

Chai si mgeni wa jana katika milima hii. Wajerumani waliijaribu Amani, katika Usambara ya Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20, na chai ya biashara nchini ilianza mwaka 1926. Lakini kwa muda mrefu chai ilikuwa ya mashamba makubwa, nasi tuliitazama kutoka ng'ambo ya mpaka. Mkulima mdogo wa chai, mwenye nusu ekari nyuma ya nyumba yake, ni mtu mpya katika historia hii. Hana mtaalamu wa kumwajiri. Alicho nacho ni macho yake, na Chama chake.

Sasa nitasema kosa langu mwenyewe, maana haifai kuwasimulia makosa ya Ceylon na kuficha ya Katibu.

Katika mwaka wa nne wa Chama chetu, wanachama wa vyama viwili vya msingi walileta majani yaliyokunjwa na kushonwa. Mkunja-majani wetu si yule yule wa Ceylon, lakini matendo yake yanafanana. Niliogopa. Niliandika barua kwa Halmashauri usiku ule ule, nikaomba fedha za dawa, na Halmashauri ikaniamini. Muuzaji mmoja alituuzia dawa na kutuhakikishia kwamba itaua kila kitu. Hilo la kuua kila kitu ndilo lililonifurahisha, na ndilo lililopaswa kunitisha. Mabomba yalizunguka mashamba yote ya vyama vile viwili, hata ambako hapakuwa na jani moja lililokunjwa.

Wiki tatu kulikuwa kimya, nami nilitembea kifua mbele. Kisha majani yakaanza kugeuka rangi ya shaba. Walikuwa utitiri wekundu, ambao dawa haikuwagusa, bali iliwaua waliokuwa wakiwala. Tena wanachama kadhaa walichuma kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kutimia, na majani yao yakakataliwa kiwandani. Deni la dawa lilikatwa katika malipo ya miezi mitano. Mama mmoja mjane alikuja ofisini na karatasi yake ya malipo, akaiweka mezani, akaniuliza kwa upole, "Katibu, mwanangu, hii ni hesabu ya chai au ya dawa?" Sikuwa na jibu. Swali lile bado ninalo.

Katika siku hizo mzee mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, aliniita shambani kwake. Shamba lake halikupuliziwa kwa sababu siku ile bomba liliharibika kabla ya kumfikia. Akachuma jani lililokunjwa, akalifungua kwa kidole gumba taratibu, akanionyesha. Ndani hakukuwa na kiwavi mzima. Kulikuwa na ngozi tupu, na kando yake vifukofuko vyeupe vimebanana kama punje za mchele. Akafungua la pili, na la tatu. Baadhi yalikuwa na viwavi, lakini mengi yalikuwa hivyo. Akasema, "Katibu, hawa wamekuwa wakifanya kazi hii tangu baba yangu. Hamkuwauliza." Mzee yule hajapata kusoma habari za Java. Alikuwa amefungua majani tu.

TUFANYEJE BASI?

Simwambii mtu kwamba dawa ni haramu. Yule mtoboa-matawi wa Ceylon alikuwa adui wa kweli, na huenda siku moja nasi tukapata adui wa namna hiyo, ikatulazimu kutumia dawa. Ninalopinga ni dawa ya kalenda: kupulizia kwa sababu mwezi umeandama, si kwa sababu mdudu ameonekana. Na ninapinga kumkata fedha mwenye shamba safi ili shamba lake liharibiwe amani iliyomo.

Badala yake naleta mbele yenu, ili mjadili katika Mkutano Mkuu, mambo manne.

Kwanza, kila chama cha msingi kichague wakaguzi wawili, mwanamume na mwanamke, wapite mashambani kila baada ya wiki mbili. Wafungue majani yaliyokunjwa na kuhesabu mangapi yana kiwavi mzima na mangapi yana vifukofuko vya nyigu. Hesabu hiyo iandikwe katika daftari kama tunavyoandika kilo.

Pili, penye viwavi wengi na nyigu wachache, tuokote kwa mikono, mayai na majani yaliyoshonwa, na majirani wote waokote siku moja. Majani yenye vifukofuko yaachwe pale pale. Najua kazi hii itawaangukia kina mama, kama ilivyo desturi yetu mbaya. Kwa hiyo napendekeza ilipwe kutoka katika fedha zile zile ambazo zingenunua dawa. Kazi isiyolipwa haiokoi fedha. Inamhamishia mwingine gharama.

Tatu, dawa itumike pale tu Bwana Shamba na wakaguzi wamekubaliana kwamba hakuna njia nyingine, katika eneo lile tu, na mavuno yake yasimame mpaka siku zitimie. Chama kimlipe fidia mwenye shamba lililosimamishwa kuchumwa kwa ajili ya usalama wa wote.

Nne, fedha zitakazobaki ziwekwe katika akiba ya maafa. Ikiwa nimekosea, na viwavi wakatushinda, fedha zitakuwapo za kununua dawa. Ikiwa sikukosea, zitakuwapo za kununua kitu kingine.

Wako watakaosema kwamba njia hii ni ya polepole. Ni kweli. Bomba lafanya kelele, na mtu akiona ukungu wa dawa juu ya shamba huamini kuwa jambo limefanyika. Kufungua jani hakuna kelele. Lakini wenzetu wa Ceylon walikuwa na mali, na wataalamu, na chuo chao cha utafiti, na hata hivyo walimwua mlinzi wao kabla ya kujua thamani yake. Sisi hatuna mali kama yao. Tunachoweza kuwazidi ni kujifunza kabla ya kulipa, maana wao wamekwisha kulipa kwa niaba yetu.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita tulikubaliana kwamba mkulima mmoja mmoja ni dhaifu. Tukaweka mizani moja, ghala moja, sauti moja. Katika miaka kumi ijayo tutaulizwa kama umoja ule ulikuwa wa kununua na kuuza tu, au ulikuwa pia wa kutazama na kufikiri pamoja. Umoja wa kukosea pamoja nao upo. Mimi niliuongoza katika mwaka wa nne, na deni lake mlilipa nyinyi.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya Mkutano, namwomba kila mmoja wenu jambo moja dogo. Ukienda kuchuma, ukaona jani limekunjwa, usilitupe kwa hasira. Lifungue taratibu. Tazama nani yumo ndani. Kisha njoo mkutanini utuambie ulichokiona, nasi tutapiga kura.

Wenu katika ushirika,

Katibu